Kovu la Maundu

Athi River,
Jumatatu, 3 Juni 2002

Kwa Mama Syokau,

Salamu nyingi. Kaloki wa lori la mchanga atakapokupa barua hii utakuwa umeshamwona Tracy mwenyewe akishuka, maana nimemwomba amkalishe mbele na asimkimbize kwenye mashimo. Najua utaanza kumlisha kabla hujaisoma. Isome kwanza, Mama.

Shule iliniita wiki iliyopita. Mtoto alianguka paredi ya asubuhi ameshika tumbo. Nikampeleka hospitali moja mjini Machakos, wakamfanyia skeni. Unakumbuka tulivyokuwa tukisema, huyu anaona mwezi wake kama wasichana wote, basi hayo maumivu ni ya kawaida, atazoea? Hayakuwa ya kuzoewa. Ameumbwa na vizazi viwili, kila kimoja na njia yake. Njia ya kushoto iko wazi, ndiyo maana damu tunaiona. Ya kulia imezibwa na ukuta wa nyama tangu akiwa tumboni mwangu. Kila mwezi damu ya upande huo haina pa kutokea, inajikusanya tu. Sasa ni uvimbe unaoshikika kwa mkono. Na upande huo huo hana figo. Ana moja tu, ya kushoto.

Daktari wa pale anataka kumpasua tumbo atoe kizazi cha kulia, na akikuta vimeshikana, atoe vyote viwili. Aliniwekea karatasi niweke sahihi. Niliirudisha mezani bila sahihi. Muuguzi mmoja akanifuata nje, akaniambia kuna Daktari Kuria huko Nairobi, anayeingia na mrija mwembamba wenye kamera na kukata ule ukuta tu, bila kupasua. Nimempigia, naye ametupa tarehe ishirini na nne. Kiwandani hawanipi ruhusa mpaka hapo, na kwenye chumba changu atashinda peke yake, kwa hivyo nimemleta kwako apumzike.

Ninakuomba mawili. Usimpe dawa ya mizizi. Na akiuliza habari za baba yake, tuendelee vile tulivyozoea.

Wako,
Mwihaki


Kithyoko,
7 Juni 2002

Mwihaki mwanangu,

Nimesoma. Nilimlisha kwanza.

Wewe ni Mkikuyu wa Yatta, mimi ni Mkamba wa hapa, na hiki Kiswahili nilichofunzwa ukubwani, shule ya ngumbaru, ndicho kinachotuunganisha, kwa hivyo nitakuandikia maneno ya wazi usije ukasema hukuelewa. Mtoto haendi kwa huyo Kuria. Haendi kwa yule wa Machakos pia. Hapasuliwi, hachunguliwi, haingizwi mrija.

Usiniletee mambo ya kamera. Mtu akilazwa usingizi na wao wako macho, kamera ni yao, kisu ni chao, na maneno watakayokuambia akiamka ni yao vilevile.

Majirani wanasema ugonjwa huu ni wa jina. Mimi nilipokuwa msichana nilijikunja hivyo hivyo kila mwezi, mama yangu akinifunga leso tumboni. Tukampa mtoto jina langu, na jina halisafiri peke yake. Maneno haya nilikuwa nikiyacheka. Lakini jana nilimwona amelala kwa ubavu ule ule niliokuwa nikilalia mimi, na nikaogopa. Basi nimelichukua jina langu. Simwiti tena Syokau wala wajina. Namwita Tracy, hilo jina lenu la redio. Tuone kama maumivu yatamtambua.

Tena nikukumbushe, kwa sababu mjini watu husahau. Hukuolewa na mwanangu Maundu aliyekufa, kama tunavyomwambia mtoto. Maundu hajawahi kuwako. Ni mimi niliyekuoa, mwanamke kwa mwanamke, ukawa iweto wangu, kwa mbuzi zangu, kwa jina la mwana ambaye sikumzaa, ili nyumba ya mume wangu Kimeu isifungwe mlango. Uliyemzaa ni mjukuu wangu, na mimi ni susu yake, mbele ya ukoo mzima. Neno langu juu yake halipiti chini ya lako.

Niletee majani ya chai, yameisha.

Syokau wa Kimeu


Kithyoko,
10 Juni

Mum,

Hii nampa Kaloki mkono kwa mkono, Susu hajui.

Niko sawa, lakini si sana. Ilianza tena juzi na safari hii haishuki. Nikikaa inavuta mgongo, nikilala inasukuma. Nikienda haja ndogo nangoja na nangoja. Susu ananipa chai chungu ya mizizi asubuhi na jioni, anasema ni ya kupunguza damu. Nameza, kwa sababu akinitazama siwezi kumwaga. Najua ulimkataza. Usimgombeze sana.

Kitu kinaniuma zaidi ni kwamba ameacha kuniita wajina. Ananiita Tracy kama mwalimu wa zamu. Nilimkosea nini?

Na simwelewi. Si yeye mwenyewe alipasuliwa? Tangu nikiwa mdogo, tukienda kuoga mtoni, alikuwa akinionyesha lile kovu refu, limetoka kitovuni likashuka mpaka chini, ananiambia, "Hapa ndipo alipotokea baba yako Maundu." Nilikuwa naligusa na kidole. Sasa kama yeye alipasuliwa na mtoto akatoka mzima, mbona anaogopa mimi nikipasuliwa?

Mum, usingoje Nairobi. Huyo daktari wa Machakos atoe vyote viwili. Nimefikiria. Mimi siko na haja ya watoto, niko na haja ya kukaa darasani mwezi mzima kama wengine. Wewe na Susu mnapigania kitu kiko ndani yangu na hakuna aliyeniuliza. Weka sahihi kwa hiyo karatasi tumalize.

Tracy Syokau
(kama hilo la pili bado ni langu)


Athi River,
13 Juni 2002

Mama,

Nakuheshimu na unajua. Nilipofukuzwa kwetu nikiwa na mimba, wewe ndiwe uliyeleta mbuzi ukaniita wa kwako, wala hukuniuliza mimba ni ya nani. Hilo sitalisahau. Lakini leo sitakuandikia nikiwa nimepiga magoti.

Mtoto ana figo moja. Mizizi yako ikiiharibu hiyo, hakuna ya akiba. Imwage. Nimempigia Daktari Kuria kwa simu ya kiwandani, nikamwambia mkojo unakuwa mgumu. Alisema uvimbe umeanza kubana kibofu. Akasema tena kwamba mtoto akipata homa, maana yake ile damu imeoza, na hapo hatungojei tarehe ya mtu yeyote. Mshike shingoni kila asubuhi. Ngoja ngoja huumiza matumbo, Mama, na hili ni tumbo kweli.

Kuna jambo lingine. Miaka yote hii nimekujua kama mwanamke ambaye Mungu hakumjalia. Sikuuliza, si adabu kuuliza. Sasa mtoto ananiandikia habari za kovu linaloshuka kutoka kitovuni. Mimi sijawahi kuliona, umekuwa ukioga peke yako nikiwapo. Maundu hakutokea hapo, hilo mimi na wewe tunalijua. Basi ni nani aliyekupasua, na alitoa nini?

Nijibu. Tracy anataka vyote vitolewe, na amenikasirikia kwa kuchelewa. Nikiachwa peke yangu na uamuzi huu nitamrudisha Machakos niweke sahihi, kwa sababu afadhali nibaki na binti tasa kuliko kubaki na kaburi.

Mwihaki


Kithyoko,
16 Juni 2002

Mwihaki,

Chai nimeimwaga.

Umeuliza, basi kaa chini usome. Nilikuwa wa umri wa Tracy, miaka ile ya Emajensi, kabla ya uhuru. Maumivu yalipozidi, baba alinipeleka hospitali ya wazungu. Sitaitaja, waliokuwapo wamekufa. Walinivalisha gauni la kufungwa mgongoni, wakaniwekea kitambaa puani. Nilipoamka nilikuwa nimeshonwa kama gunia la mahindi. Walinipa maziwa, na siku ya kurudi nyumbani wakanipa sabuni ya kunukia. Baba aliambiwa uvimbe umetolewa, mtoto atapona. Na kweli nilipona. Maumivu hayakurudi. Damu nayo haikurudi. Tulifikiri ndiyo tiba yenyewe, na mama akachinja kuku.

Kimeu akaniposa. Mwaka wa kwanza, wa pili, wa tano. Mama yake akanizungusha kwa waganga mpaka nyayo zikaota sugu. Kimeu hakunipiga wala hakuoa mwingine, alingoja tu, na akafa akingoja. Baadaye sana nilienda zahanati na jipu la mguu, na muuguzi akaliona kovu wakati wa kunipima. Akaniuliza damu yangu ilikoma lini. Nikamwambia. Akaanza kupanga vyupa ambavyo vilikuwa vimepangwa. Hapo nikajua. Walikitoa, Mwihaki. Hakuna aliyenionyesha, hata kwenye beseni, na hakuna aliyeniambia. Nilichukuliwa kitu changu nikiwa nimelala.

Ndiyo maana nilimtia Maundu pale. Mtoto aliniuliza kovu ni la nini, na mimi sikutaka kumwambia ni la bure.

Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Huyo Kuria wako huenda ni mtu mwema. Hata wangu alikuwa mwema, alinipa sabuni.

Mwambie hivi. Mimi nataka kuona. Si karatasi, si maneno. Atakachokitoa nikione, na atakachokiacha nikione, kwa macho yangu haya. Akikubali hilo, mtoto nitamleta mwenyewe. Akikataa, mimi na yeye hatujuani.

Jibu upesi. Leo asubuhi shingo yake ilikuwa na joto. Najiambia ni jua.

Syokau


Athi River,
18 Juni 2002

Mama,

Barua yako imenifikia leo mchana na saa hiyo hiyo nimempigia daktari. Nilipomwambia unataka kuona alicheka kidogo. Nikamsomea, ile sehemu ya sabuni. Akaniomba niisome tena.

Amekubali. Thieta, kile chumba cha upasuaji, huwezi kuingia, lakini ile kamera imeunganishwa na televisheni, na kila inachokiona wanaweza kukinasa kwenye kaseti ya video kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Amesema kaseti itakuwa yako.

Sasa nisikilize. Lile si jua. Ukipata barua hii usiketi kuimaliza. Tarehe ishirini na nne tumeivunja, mlete leo, kwa lori, kwa chochote. Nakuomba kwa jina la Kimeu aliyekungoja, usimngojeshe huyu.

Mwihaki


Kithyoko, barabarani,
18 Juni

Mum,

Nakuandikia nikiwa ndani ya lori. Kaloki atakupa hii kama nikifika siwezi kuongea.

Susu hakungoja jibu lako. Asubuhi alinishika shingo, akatoka bila kusema kitu, akasimama katikati ya barabara mpaka Kaloki akafunga breki. Kaloki alitaka kumwaga mchanga ili twende haraka. Susu akakataa, akasema lori tupu linarukaruka, mtoto atapasuka. Kwa hivyo tunakuja na mzigo wote, polepole, na yeye amekaa kati yangu na mlango, ameshikilia tumbo langu na mikono miwili.

Nasikia baridi na hapa ni jua kali. Chini kunauma mpaka naona nyeupe.

Aliponifunga leso ameniita Syokau. Ameniita tena na tena, kama mtu anaita kisimani. Nilikuwa nataka sana aniite hivyo, lakini sasa ndiyo naogopa.

Ile barua nilisema watoe vyote. Sijui tena. Nilisema kwa sababu nilikuwa nimechoka. Mwambie daktari aniulize mimi kwanza, kabla sijalala.

T. Syokau


Nairobi,
28 Juni 2002

Mama,

Siku ile ulipomfikisha hospitalini ulitoweka kabla sijarudi na chai. Askari wa wodini aliniambia kuna mama mwenye leso ya kijani aliyesimama mlangoni mwa wodi, akanusa hewa ya ndani, akageuka. Sikukulaumu. Umbali uliomfikisha ulitosha.

Tracy yuko hai. Nimeanza na hilo kwa sababu najua ungeruka mistari kulitafuta.

Wiki nzima ilikuwa ya sindano na mpira wa mkojo, mpaka homa ikashuka. Siku mbili za kwanza hakunijua. Alikuwa akikuita wewe. Alipopata nafuu, Daktari Kuria alivuta kiti akakaa karibu na kitanda, akaniambia mimi nitoke nje kidogo. Sijui walisemezana nini. Nilipoitwa ndani, Tracy aliniambia, "Mum, nimemwambia akate ukuta na aache vingine vyote." Alisema kama mtu mzima, na mimi nikaweka sahihi chini ya jina lake.

Jana aliingia thieta. Nilikaa kwenye benchi nikipindapinda ncha ya sweta yake mpaka nyuzi zikatoka. Daktari alipita njia ya kawaida na mrija mwembamba kama kalamu, hata usichana wake haukuguswa, na hilo unaweza kuwaambia majirani zako. Akaukata ukuta. Iliyotoka ilikuwa nyeusi kama lami, imechanganyika na usaha. Kisha akatoboa matundu madogo hapo kitovuni na pembeni, akatazama kwa juu, akakuta mrija mmoja wa uzazi umejishika na utumbo, akauachanisha taratibu. Kizazi hakutoa hata kimoja. Figo iliyopo ni nzima.

Kuhusu kuzaa, nilimwuliza waziwazi na hakuniahidi. Alisema wanawake wenye umbo hili huzaa, wengine kwa taabu, lakini huzaa. Ukuta unaweza kujaribu kujifunga tena, kwa hivyo tarehe tano Agosti tunarudi aangaliwe.

Kaseti hii hapa, nimeifunga ndani ya sweta ile ile. Sijaitazama. Uliyeitaka ni wewe.

Neno la mwisho. Daktari alimwuliza Tracy kama katika ukoo kuna mwingine aliyewahi kuumwa hivi. Akajibu upesi, "Susu yangu. Nimerithi kwake." Mimi nikatazama dirisha. Tangu hapo ananiangalia sana na haniulizi. Mama, sitajibu kwa niaba yako, na sitadanganya tena.

Mwihaki


Kithyoko,
4 Julai 2002

Wajina wangu,

Umekula? Mama yako anasema supu ya hospitali unaiacha. Kunywa.

Kaseti ilifika Jumanne. Nyumba yenye mashine hapa ni moja tu, kwa Erastus pale sokoni, anapoonyesha filamu za karate. Nilikuta vijana wamejipanga kwenye mabenchi wakingoja. Nikawaambia leo karate ni yangu, tokeni. Walitoka wakinung'unika. Erastus akafunga mlango, akatia kaseti, akabonyeza, halafu akageuza uso ukutani, akakaa hivyo mpaka mwisho. Yule ni mtoto aliyelelewa.

Mwanzoni sikuelewa kitu, ni wekundu tu na mwanga unatembea. Kisha nikauona ukuta. Nikaona ukikatwa na lile jambo jeusi likimwagika, nikasema kwa sauti, toka, toka. Erastus akafikiri namwambia yeye.

Halafu wakatazama kwa juu. Vilikuwa viwili, vimekaa kama maembe machanga kwenye kikonyo kimoja, rangi ya waridi, vinang'aa. Kile chuma kikasogea karibu, mimi nikashika benchi. Kikavigusa kidogo, kikainua mrija wa uzazi, kikauachia, kikaondoka. Vikabaki pale pale. Nilimwambia Erastus arudishe nyuma. Akarudisha, nikatazama tena mwanzo na mwisho, nione kama vilivyokutwa ndivyo vilivyoachwa. Nikamwambia tena. Alirudisha mpaka mashine ikaanza kunuka moto.

Daktari wako amesema kweli. Kila kitu chako unacho.

Sasa na mimi niseme kweli. Maundu hakutokea kwenye kovu langu. Nilipokuwa kama wewe walinilaza, wakanitoa kizazi, hawakuniambia. Sikuzaa Maundu wala mtu mwingine. Mama yako nilimwoa mimi, kwa desturi yetu, mwanamke asiye na mtoto humwoa mwanamke mwenzake ili nyumba isife, na Maundu ni jina nililoliweka mahali pa mume. Wewe hukuwa na baba aliyekufa. Aliyekuzaa na mama yako, mwulize mama yako, hilo si langu.

Kwa hivyo hukurithi ugonjwa kwangu. Damu yangu haimo mwilini mwako, na jina langu halikukuuma. Umeumbwa hivyo tu, na mimi huenda niliumbwa hivyo pia, tukakutana. Wewe ni mjukuu wangu kwa mbuzi nilizotoa, kwa uji niliokupikia na kwa mgongo huu uliokubeba. Ukitaka kukasirika, kasirika, una haki. Ila kasirika ukiwa umekunywa ile supu.

Nililia kwa Erastus, nisikufiche. Si kwa ajili yako, wewe umepona. Nilikuwa sijawahi kuona kile kitu kinafanana na nini. Nimezeeka nikikililia na sikijui sura. Sasa nakijua, nimekiona kwako, ni kizuri.

Jina nililokunyang'anya nimelirudisha. Usikubali litolewe tena, hata nikiwa ni mimi nalitaka.

Tarehe tano Agosti nitakuja na Kaloki, na safari hii nitaupita ule mlango. Mwambie Daktari Kuria auandae ule mrija wake, kwa sababu akimaliza na wewe kuna mgonjwa mwingine. Nataka aingie ndani ya kovu la Maundu, atazame, aniambie kama walibakisha chochote. Asiogope kuniambia. Na asinipe sabuni. Nimeshanunua kaseti tupu kwa Erastus.

Ni mimi,
Syokau mkubwa